Deni la Mkulima

Watu wawili hubishana juu ya mkulima wa Bariadi. Mmoja husema kuwa hadaiwi kitu, kwa kuwa moshi ulioitia dunia joto ulitoka zaidi katika viwanda vya mataifa tajiri, na sehemu yake yeye ni kama punje ya mtama katika ghala. Mwingine husema adaiwa: akinge maji, ahifadhi udongo, apande miti. Nani mwenye haki?

Kila mmoja ana nusu ya haki. Mvua kubwa ikishukia shamba tupu la pamba haimwulizi mwenyewe kama ndiye aliyechafua hewa. Huchukua udongo wa juu ikautia katika Mto Simiyu, na mto ukaufikisha Ziwa Victoria. Kuadhibiwa pasipo kosa ni dhuluma. Walakini aliyedhulumiwa hakupewa ruhusa ya kuudhulumu udongo, wala jirani wa bondeni, wala mtoto ambaye hajazaliwa.

Wasukuma walilijua jambo hili zamani. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, yakafunguliwa kiangazi kwa ndama na maksai waliokonda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo. Bariadi ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua. Mahali penye majani mvua huzama taratibu, na mizizi na mboji huweka ardhini sehemu ya hewa ya ukaa ambayo majani yameivuta.

Lakini subira ina gharama. Kufunga malisho ni kumnyima ng'ombe leo ili ale kesho, na mwenye ng'ombe watatu huumia kuliko mwenye mia. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumhubiria subira mwenye njaa. Kwa hiyo mataifa yaliyotoa moshi yakichangia gharama ya ngitili, matuta na malambo, yasijisifu kwa ukarimu. Alipaye deni hatoi sadaka.

Basi mkulima na azuie maji shambani mwake, kwa sababu udongo aliukuta na atauacha. Hilo ndilo deni lake, naye akilipa amelipa lake tu. La mwenye moshi lingalipo.