Nani Anaamua Kwamba Roho Imetoka?

Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilikubaliana na Qatar Foundation kufungua tawi la shule yake ya udaktari mjini Doha. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 2008, na shahada waliyopewa ni ya Cornell yenyewe. Hoja ya tawi ni hiyo: ubongo wa Doha ni sawa na ubongo wa New York, basi na somo la ubongo liwe lile lile.

Kwenye neva sina ubishi. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ndio unaolegea, uwe mchuuzi wa Manhattan au mvuvi wa Al Khor. Maarifa ya namna hiyo ukiyapakia kwenye ndege hayaharibiki njiani.

Lakini kuna mada moja ambayo mimi naona haisafirishwi kirahisi hivyo: kifo cha ubongo. Mwanafunzi anafundishwa vipimo. Mboni haziitikii mwanga, jicho likiguswa halipepesi, mashine ya kupumulia ikitolewa kwa muda kifua hakiinuki chenyewe. Hadi hapo ni sayansi tupu. Halafu inakuja "kwa hiyo": kwa hiyo mtu huyu amekufa. Hiyo "kwa hiyo" hakuna darubini iliyoiona.

Imetoka wapi? Kamati ya Harvard iliyopendekeza kipimo hicho mwaka 1968 haikuficha sababu zake. Wagonjwa wasioamka walikuwa mzigo kwa familia na hospitali, na maana ya zamani ya kifo ilileta utata katika kupata viungo vya kupandikiza. Ni sababu nzito, sizibezi. Ila ni sababu za watu wenye jambo la kuamua, na waamuzi wenyewe hawajaafikiana mpaka leo. Uingereza inaangalia shina la ubongo. Sheria za Marekani zinataka ubongo wote uwe umezima. Tena ukivuka mto Hudson tu, kutoka New York kwenda New Jersey, unakuta sheria ya 1991 inayomzuia daktari kutangaza kifo kwa kipimo cha ubongo pale kinapopingana na imani ya mgonjwa. Husubiriwa moyo usimame.

Upande wa Waislamu nako ni hivyo hivyo. Mwaka 1986, mjini Amman, wanazuoni walikikubali kifo cha ubongo. Mwaka uliofuata baraza jingine, la Makka, likasema mashine inaweza kuondolewa, lakini kifo hakihesabiki mpaka moyo na pumzi vikome. Kwa hiyo anayedhani profesa wa New York analeta sayansi na mwanafunzi wa Doha analeta dini, hajatazama vizuri. Wote wanaleta uamuzi. Tofauti ni kwamba mmoja wao umeandikwa kwenye mtaala kana kwamba ni matokeo ya maabara, na hilo kwangu ni kosa la kimaadili, si la ufundishaji tu.

Hebu tazama na Kiswahili chetu. Akili, roho, nafsi, fahamu: yote tumeyachukua kwa Waarabu. Neva tukaziita mishipa ya fahamu. Lakini anayekufa hatusemi amekata fahamu, amekata roho. Aliyepoteza fahamu tunamkalia pembeni, tunamngoja azinduke.

Mwanafunzi huyu akishakuwa daktari, mgonjwa wake huenda asiwe hata Mwarabu. Wakazi wengi wa Qatar ni wageni: fundi mwashi kutoka Nepal, mlinzi kutoka Kenya. Kaanguka kazini, vipimo vyote vimefanyika, na mkewe yuko kwenye simu kutoka kijijini. Hana haja na shina la ubongo. Anauliza jambo moja tu: mume wangu bado anapumua? Kifua kinapanda na kushuka, kwa mashine, na mkalimani amesimama anasubiri atafsiri jibu.