MSHAHARA MKUBWA: TUUFANYIE KAZI HADI LINI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Ijumaa hii tunajibu swali lililoletwa kwetu zaidi ya mara moja baada ya swala, na vijana, na pia na mama mmoja aliyeuliza kwa ajili ya mwanawe. Swali ni hili: mtu akipata kazi yenye mshahara mkubwa sana, ambao ukoo wake haujawahi kuuona, aifanye kwa miaka mingapi? Mmoja amepata kontra katika kampuni ya madini huko Kolwezi, mwingine katika shirika la misaada, na anataka kujua kama dini inamwekea mpaka.

Najua baadhi yenu mtacheka mkisoma. Mtasema, imamu, sisi tunatafuta pesa za sombe na makala, wewe unatuuliza juu ya dola elfu mbili kwa mwezi! Lakini subirini. Katika mji huu pesa nyingi zimepita mikononi mwa watu wengi, na wengi wa hao watu leo tunapanda nao mlima kwa miguu. Swali halikuwa la bure. Lilikuwa limechelewa.

Tuanze na Nabii Yusuf (A.S.). Mnajua habari ya ndoto ya mfalme katika Sura ya 12, ng'ombe saba wanene wanaliwa na saba waliokonda. Wengi wetu tunaishia kwenye ndoto. Tazameni jibu la Yusuf katika aya ya 47 na zinazofuata. Hakusema tu kwamba shibe itakuja na njaa itafuata. Alitoa hesabu ya miaka: limeni miaka saba mfululizo, mtakachovuna kiacheni katika mashuke yake, isipokuwa kidogo mtakachokula. Kisha itakuja miaka saba migumu itakayokula akiba. Basi angalieni mambo matatu yaliyo ndani yake: muda unajulikana, chakula cha kila siku ni kidogo ingawa ghala limejaa, na akiba ina kazi iliyotajwa tangu mwanzo. Na katika aya ya 55 Yusuf mwenyewe aliomba apewe usimamizi wa hazina za nchi, kwa sababu alijua ni mwaminifu na mjuzi. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba Muislamu mchamungu anaikimbia kazi kubwa. Hapana. Anaiomba, anaifanya, na anajua ni ya nini.

Sasa tuangalie mji wetu. Wazee wanaikumbuka SOMINKI, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini ya Kivu na Maniema. Kamituga mtu wa SOMINKI alikuwa mtu kweli: nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya watoto. Mwaka 1997 kampuni ikavunjwa, na wafanyakazi wengi wakabaki wakidai malipo yao ya mwisho hadi uzee. Mwaka 2000 ikaja koltani. Bei kwenye masoko ya dunia ilipanda mara nyingi zaidi katika miezi michache, vijana wakaacha shule, wengine wakaacha mashamba, wakaenda Shabunda, Mwenga na hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Aliyekuwa akinunua bia kwa watu wote wa baa (naye alikuwa na jina la Kiislamu, astaghfirullah) akarudi bila jembe.

Kisha wakaja watu wa Umoja wa Mataifa. MONUC iliundwa mwishoni mwa 1999, ikageuka kuwa MONUSCO mwaka 2010, na vijana wetu wengi waliojua Kifaransa na Kiingereza kidogo walipata kazi humo: madereva, wakalimani, watu wa biro na wa ghala. Miaka ikawa mingi mpaka watu wakasahau kwamba ni ujumbe, yaani kitu kilichotumwa na kitakachorudi. Juni 2024 ujumbe huo ulimaliza kazi yake hapa Kivu ya Kusini. Mgodi wa Twangiza nao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2011, na mwaka 2019 kampuni ya Banro ikasimamisha kazi. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na mashirika yaliyokuwa yakilipa mishahara mizuri katika mji huu yakafunga miradi na kuwaaga watu. Februari mwaka huohuo M23 wakaingia Bukavu, na mabenki yakafunga milango. Hata aliyekuwa na akiba hakuweza kuigusa.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililomngoja mfanyakazi awe tayari. Ndiyo maana mimi nasema swali la kwamba nifanye kwa miaka mingapi lisijibiwe mwisho wa kazi. Lijibiwe kabla ya kusaini kontra, wakati moyo bado una njaa ya kawaida. Mtu akishauzoea mshahara, si yeye tena anayehesabu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwanadamu akiwa na bonde zima la mali atatamani la pili, na kwamba kitakachomshibisha ni udongo tu. Basi ukimuuliza mtu wa namna hiyo kama imetosha, atakujibu nini?

Tupige hesabu, maana dini yetu haiogopi hesabu. Kijana analipwa dola 2.000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 24.000, kwa miaka mitano ni 120.000. Akiingia kwenye nyumba ya kodi ya dola 500 kule Muhumba, akanunua gari, akawa anakunywa chai hotelini kila jioni na kufanya arusi ya mdogo wake kama arusi ya waziri, baada ya miaka mitano atakuwa na gari kuukuu na picha. Mwenzake anaishi kwa dola 700, anawapa wazazi 300, anaweka 1.000. Kwa miaka mitatu ana 36.000. Huyo wa pili anaweza kuacha kazi baada ya miaka mitatu. Wa kwanza hawezi kuacha hata baada ya kumi na tano. Mmeona? Muda wa kazi hauamuliwi sana na ukubwa wa mshahara. Unaamuliwa na kinachobaki, na kinachobaki kinaamuliwa na jinsi unavyoishi. Katika Sura ya 25, aya ya 67, waja wa Mwenyezi Mungu wanasifiwa kwa kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, wako katikati.

Kwa hiyo, kijana wangu, chukua daftari. Andika unatafuta nini: parsele yenye karatasi zake kamili (na si kwenye mmomonyoko ule ambapo kila mvua inashuka na nyumba), minervali ya watoto mpaka wamalize, matibabu ya wazazi, Hija, mtaji wa kazi yako mwenyewe. Weka bei mbele ya kila kimoja. Jumlisha. Gawa kwa kile utakachoweza kuweka kila mwezi. Jibu litakalotoka ndiyo miaka yako. Ikiwa ni minne, andika minne, mwite mke wako na baba yako washuhudie. Mwenyezi Mungu alituamuru katika aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, tuandike madeni na tuweke mashahidi kwa sababu mwanadamu husahau. Nami nasema kwa kulinganisha tu, si kwa hukumu: mpango wa mali yako nao unasahaulika.

Miaka minne ikiisha, je, ni haramu kuongeza wa tano? Si haramu. Lakini mwaka wa tano uwe na sababu yake mwenyewe, iandikwe nayo. Mtoto amegonjwa, vita imekula nyumba, sawa. Kama sababu ni kwamba jirani amejenga ghorofa, hiyo si sababu. Hiyo ndiyo At-Takathur, Sura ya 102 tunayoisoma kila siku katika swala fupi.

Kumbukeni Hakim bin Hizam (R.A.). Alimwomba Mtume mali, akapewa, akaomba tena, akapewa, na mara ya tatu akapewa, kisha Mtume akamweleza kwamba mali ni kitu kibichi na kitamu, anayeichukua kwa moyo wa ukarimu hubarikiwa, na anayeichukua kwa tamaa ni kama alaye asishibe. Hakim akaapa hataomba kwa mtu tena. Wakati wa Abu Bakr na Umar aliitwa kuchukua fungu lake halali kutoka hazina, akakataa, mpaka alipokufa. Sisemi kila mtu afanye kama Hakim. Fungu lile lilikuwa haki yake. Nataka muone tu kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya mali halali na kusema yatosha, na akaishi.

Liko jambo jingine ambalo daftari la pesa halilionyeshi. Kazi hizi mara nyingi ziko mbali. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab (R.A.) alisikia usiku mwanamke akilalamikia upweke, mumewe yuko jihadi. Akamwuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kuvumilia muda gani, naye akataja miezi minne, na mapokezi mengine yanataja sita. Umar akaweka mpaka wa muda wa askari kukaa mbali na nyumba zao. Hao walikuwa katika jihadi! Wewe uko Kolwezi unaendesha lori, na mkeo yuko Kadutu mwaka wa tatu. Mpaka wako wa kwanza ni haki yake, kabla ya parsele.

Nageuka sasa kwa sisi tunaobaki nyumbani, maana lawama tunamtupia kijana peke yake. Anayechelewa kuacha kazi mara nyingi tumemfunga sisi. Kila msiba anapigiwa simu yeye. Kaka mkubwa aliacha kuuza viatu sokoni Kadutu tangu mdogo wake apate mshahara. Mjomba amempa mtoto wake alelewe, wala hakuuliza. Na kijana akisema anataka kurudi, tunamwuliza kama ana wazimu. Mzazi ana haki, ndiyo, na jamaa wa karibu ana haki, imetajwa katika Sura ya 17, aya ya 26, ikifuatwa palepale na katazo la kutapanya. Lakini mtu mzima mwenye mikono hana haki juu ya miaka ya ndugu yake. Mtume alisema katika hadithi ya Bukhari kwamba hakuna chakula bora kuliko kilichotokana na kazi ya mkono wa mtu, akamtaja Nabii Daud.

Na kuacha mshahara mkubwa maana yake si kukaa barazani. Sura ya Al-Jumu'a, aya ya 10, inatuambia swala ikiisha tutawanyike kutafuta fadhila za Mola wetu. Aliyekuwa fundi wa magari ya mashirika afungue gereji yake na kuwachukua vijana wawili wa mtaa. Aliyekuwa mkalimani afundishe lugha. Mapato yatakuwa madogo, ndiyo, na ndipo utajua kwamba ile dola 700 uliyojizoeza kuishi nayo ilikuwa mazoezi.

Zaka isisahaulike. Akiba iliyofikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka wa Hijra ina asilimia mbili na nusu.  Wako wenye mishahara wanaotoa dola tano kwa omba omba mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa na kudhani wamemaliza.

Aliyeuliza juu ya kazi yenye haramu ndani yake, kwa mfano kazi unayoipata kwa kumrudishia shefu sehemu ya mshahara kila mwezi, au kuandika risiti za uongo, yeye hesabu yake si ya miaka. Atafute mlango wa kutokea kuanzia leo, na aje tuzungumze faragha.

Kwa yule mama aliyeuliza kwa ajili ya mwanawe: mpigie simu leo jioni, usimwombe kitu. Mwulize ameandika miaka mingapi. Akisema hajaandika, mwambie utamngoja kwenye simu achukue kalamu.

Wabillahi tawfiq.