Modeli ya Ndege ya Kivita na Mpaka wa Kuiga

Swali la zamani kuhusu ukweli wa vitu vya kuigiza, ambalo wanafalsafa na wanateolojia wamelijadili kwa karne nyingi, linapata uzito mpya katika kazi ya kuunda modeli ya ndege ya kivita kwa ajili ya simuleta ya urukaji, yaani programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kurusha ndege isiyokuwapo katika anga lililojengwa kwa hesabu. Modeli ikishalingana na ndege halisi katika kila kipimo, je, imeusema ukweli wote wa ndege hiyo? Insha hii inashikilia kwamba haijausema, na kwamba kinachopungua si ufundi bali ni maadili. Nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, ambako ndege, nakala na kaburi vimeacha alama zinazojulikana, zinasaidia kulieleza jambo hilo.

Kazi yenyewe inastahili kuheshimiwa kwanza. Mfano ulio karibu ni MiG-21, ndege ya Kisovieti yenye mabawa ya pembetatu, ambayo nakala zake zaidi ya 10,000 zilitengenezwa na kutumiwa na majeshi ya nchi nyingi, zikiwamo Tanzania na Uganda. Muundaji huanza na umbo, ambalo hulijenga kwa maelfu ya pembetatu ndogo zilizounganishwa, kisha hulivika rangi, ribiti na mikwaruzo. Baada ya hapo huandika majedwali yanayoonyesha jinsi nguvu ya kunyanyua na nguvu ya ukinzani zinavyobadilika kadiri bawa linavyoinuka dhidi ya upepo. JSBSim, mtambo wa hesabu unaotumika katika simuleta huria ya FlightGear, kwa kawaida hurudia hesabu hizo mara 120 kwa sekunde. Kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, penye mwinuko wa takriban mita 2,300, hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili mabawa yake yabebe uzito uleule; modeli iliyoandikwa vizuri hulidhihirisha jambo hilo pasipo kuelekezwa, kwa kuwa linatokana na kanuni zilizomo ndani yake. Hata vilima vinavyoonekana chini vina asili ya kuaminika, maana mnamo Februari 2000 chombo cha angani cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, na vipimo hivyo hutumika kujenga ardhi ya simuleta.

Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alitofautisha sanaa tatu zinazohusu kila chombo, yaani ya kukitumia, ya kukitengeneza na ya kukiiga, akampa mtumiaji nafasi ya juu kwa kuwa ndiye ajuaye uzuri na ubaya wa chombo kikiwa kazini, na akamweka mwigaji chini kabisa kwa kuwa huiga sura tu. Hukumu hiyo haimwangukii muundaji wa modeli moja kwa moja, kwa sababu yeye hulazimika kujua si sura peke yake bali pia sababu za mwendo. Hata hivyo, mgawanyo wa Plato una pengo ambalo silaha hulifichua: yuko mtu wa nne, ambaye ni yule ambaye chombo hicho hutumiwa dhidi yake. Mnamo Oktoba 1978, ndege za kivita za Uganda ziliposhambulia Bukoba, waliokuwa chini walipata ujuzi wa ndege hizo ambao rubani hakuwa nao. Machi 1979, katika vita hivyo vya Uganda na Tanzania, ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyotumwa kuipiga Mwanza iliangusha mabomu kwenye Kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, ikaua swala. Ujuzi wa walioko chini hauna safu katika jedwali lolote la modeli.

Dini nazo zimeliona pengo hili kwa njia zake. Hadithi za Mtume zinaeleza kwamba waundaji wa sanamu wataamriwa kuvipa uhai walivyoviunda, nao hawataweza. Lakini Ibn Abbas, sahaba na binamu yake Mtume, aliruhusu kuchorwa miti na vitu visivyo na roho, na ndege ya chuma imo katika fungu hilo. Hivyo modeli haikatazwi, ila fundisho linabaki kwamba mwenye kuunda aujue mpaka wa uwezo wake. Upande wa Ukristo, Mtaguso wa Pili wa Nikea wa mwaka 787 ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha hupita na kumfikia aliyechorwa. Kanuni hiyo ikikubaliwa, haiwezekani kuistaajabia modeli ya silaha huku silaha yenyewe na matendo yake vikiachwa nje, kwa kuwa mshangao nao hupita.

Jambo ambalo simuleta haiwezi kulibeba kabisa ni kutorudika kwa tukio. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, Mjerumani mwenye umri wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alikufa baada ya ndege yao aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya punda milia, kugongana na tumbusi. Alizikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro, na majivu ya baba yake, aliyefariki mwaka 1987, yalikuja kuwekwa papo hapo. Mgongano kama huo unaweza kuigizwa kwa usahihi mkubwa, lakini anayeuigiza hubonyeza kitufe na kurudi kwenye njia ya kurukia, ilhali kaburi halina kitufe.

Nakala inayoukiri mpaka wake ipo katika eneo hilohilo la hifadhi. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita na kugunduliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey, zilifukiwa tena ili zisiharibike, na wageni huoneshwa nakala yake katika makumbusho ya Olduvai. Nakala hiyo humwelekeza mtazamaji kwenye kitu kilichoko ardhini, wala haijidai kukirithi.

Muundaji wa modeli ya ndege ya kivita anawajibika kufanya vivyo hivyo: maelezo yanayoambatana na kazi yake yataje ndege hiyo ilipigana wapi na ilimuua nani, kwa uangalifu uleule unaotumika kuhesabu ribiti. Modeli isiyofanya hivyo ni sahihi, lakini si ya kweli.