Jela Ilifika Kabla ya Dawa

Mtu aliyejaribu kujiua akaokolewa, anadaiwa nini na jamii? Kwa miaka mingi Kenya ilijibu: kesi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimweka kwenye hatari ya kufungwa hadi miaka 2, au faini. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi alisema kinakiuka Katiba, kwenye kesi ya Tume ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili. Kumshtaki mgonjwa kwa ugonjwa wake ni ubaguzi.

Sawa. Ila hapa Kaplong, polisi hawajawahi kuwa mbali. Mathari, hospitali kuu ya akili, iko Nairobi tangu 1910. Yaani adhabu ilitufuata hadi kwenye majani chai, matibabu yakatungoja mjini. Huo usawa ni wa nani?

Wengine watasema bila adhabu watu watazidi. Mimi naona jela haikumpa mtu sababu ya kuishi. Ilimpa sababu ya kunyamaza. Korti imeondoa hofu hiyo. Sasa kaunti ilete daktari karibu, na sisi tukiuliza "uko aje?", tungoje jibu.