Kwao ni Wapi?

Ukisema mzee aliyekaa miaka 30 katika hospitali ya magonjwa ya akili atoke akaishi na watu, wengi watakubali, kisha watauliza: kwao ni wapi? Swali hilo ndilo linalomfungia ndani. Kwa mazoea yetu, kwao ni ushago: boma la baba, shamba, ndugu wa damu. Lakini wazazi walishakufa, shamba likagawanywa, na mpwa aliyebaki hajawahi hata kumwona. Basi mzee anabaki wodini. Ugonjwa ulishatulia zamani. Kinachokosekana ni mtu wa kumpokea.

Mimi nasema jamii haianzi wala kuishia kwenye ukoo, na sisi wa mtaa wa Hurlingham, Nairobi, tunalijua hilo. Ukipanga chumba karibu na Barabara ya Argwings Kodhek, hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Unalipa kodi, unasalimiana na majirani, mama mboga anakuzoea. Kwa nini mtu aliyepotelewa na ukoo asiishi hapa kama sisi tuliouacha wetu mbali? Najua mjini kuna upweke. Lakini mpweke mwenye ufunguo wake mfukoni hawezi kulinganishwa na anayengoja mwingine amfungulie mlango.

Wapo wanaosema majirani hawajawa tayari. Enzi za ukoloni mtaa huu ulikuwa wa Wazungu, na Mwafrika aliyelala hapa alikuwa mtumishi wao. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, nayo iliwatenga wagonjwa kwa rangi. Uhuru haukungoja wakazi wa zamani wa Hurlingham wawe tayari, na leo barabara yake kuu, Argwings Kodhek, ina jina la wakili wa kwanza Mwafrika nchini.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wazee wengine wenyewe hawataki kutoka. Wodi ndiyo nyumba wanayoijua. Kumtoa mzee wa namna hiyo kwa nguvu ni kumwonea mara ya pili. Lakini je, amechagua nini, kama hajaonyeshwa kingine? Alale siku chache katika nyumba ya kawaida. Apike chai saa anayotaka, aongeze sukari bila kuomba ruhusa, kisha aulizwe tena. Akisema wodi, nitamwamini.

Kenya iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao kifungu chake cha 19 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuchagua atakapoishi na atakaoishi nao. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inawaahidi wazee heshima na uhuru wa kushiriki mambo ya jamii. Sheria ipo. Sasa mtazame mzee aliyelazwa enzi za Rais Moi akifika kwa mama mboga kununua sukuma wiki. Noti hazijui. Mama anapendelea M-Pesa. M-Pesa inataka laini ya simu. Laini inataka kitambulisho. Hata zile shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, kwa waliotimiza miaka 70, zinataka kitambulisho.

Kazi ya utetezi, kwa maoni yangu, ianzie hapo. Mtu amsindikize hadi afisi ya usajili, wapange foleni pamoja, na afisa akiuliza anaishi wapi, mzee ajibu mwenyewe.