Wito Usioitikiwa

Bibi alipoita, kunyamaza lilikuwa kosa. Wasichana tuliitika "Abee!", wavulana "Naam!", na asiposikia kitu aliita tena, safari hii kwa ukali. Nilikuja kujua ukubwani kwamba wahandisi wa bahari nao hulea vyombo vyao kwa adabu hiyohiyo.

Chini ya maji ya chumvi redio haisaidii. Mawimbi yake humezwa upesi. Sauti ndiyo inayosafiri, kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kihisi cha tsunami kilicholazwa sakafuni, mita 3,000 chini, kikiita, boya lililo juu husikia baada ya sekunde 2, na itikio lina sekunde zake 2 za kurudi. Ongeza na kelele. Zama siku moja kwenye matumbawe mbele ya Bagamoyo, utulie: utasikia tatatata, kama bisi zinaruka sufuriani. Ni kamba wadogo wanafyatua magando. Kisha kuna mwangwi. Katika maji ya kina kifupi, kama haya ya kuvukia Unguja, sauti hugonga mchanga, hugonga uso wa maji, ikafika mara tatu nne, neno likipanda juu ya neno. Ndiyo maana chombo kilichofunzwa vizuri hakiridhiki kwamba kimetuma. Husubiri kuitikiwa, kimya kikizidi, hurudia.

Sasa tazama wito uliokosa wa kuuitikia, tarehe 26 Desemba 2004. Saa 9:58 usiku kwa saa zetu, bahari ilitikiswa karibu na Sumatra kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Robo saa baadaye kituo cha tsunami kilichoko Hawaii kilitoa taarifa, lakini kwa nchi za Pasifiki, maana ndizo zilizokuwa chini ya uangalizi wake. Bahari ya Hindi haikuwa na boya la tsunami hata moja, wala mfumo wa kupokea onyo na kulifikisha ufukweni. Mawimbi yakachukua zaidi ya saa 8 kutufikia. Saa 8! Mtu anatoka Bagamoyo, anakwenda Dar, ananunua anachonunua na kurudi, foleni ikiwamo. Kenya walipata habari mapema, wakawaondoa watu fukweni. Alikufa mtu mmoja. Dar es Salaam walikufa watu wapatao kumi, miongoni mwao vijana waliokuwa wakiogelea. Somalia, karibu 300.

Baadaye kazi ilifanyika, tusiwe wachoyo wa kusema. Mwaka 2006 Thailand ilipata boya lake Bahari ya Hindi, la kizazi kipya kinachoongea pande mbili: walio nchi kavu wanaweza kukihoji kihisi kule chini badala ya kungoja kiseme chenyewe. Kwetu, maonyo hupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Lakini Septemba 2018, mji wa Palu, Indonesia, ulipopigwa na tsunami, maboya ya nchi hiyo yalikuwa hayafanyi kazi tangu 2012. Fedha za matunzo zilikosekana, na mengine yaliharibiwa na watu. Hilo la kuharibiwa lipo bahari nyingi, kwani samaki hukusanyika chini ya kitu kinachoelea, na wavuvi hufunga vyombo vyao papo hapo. Siwezi kuwalaumu sana. Mvuvi gani atakipita kivuli chenye samaki?

Habari hizi nilimsimulia nahodha mmoja pale soko la samaki Bagamoyo, akishona wavu wake kwa sindano ya mti.

"Na hilo boya likiita, mjukuu wangu, sisi tulioko nje tutajuaje?"

"Mtapigiwa simu, babu."

Akacheka. Akavuta kidumu kilichokatwa shingo, akatoa kitambaa, ndani yake simu ya kitochi. Ilikuwa imezimwa. Huiwasha akianza kuiona pwani, akaniambia, ili chaji imtoshe kuulizia bei ya samaki.