Manoa, Fuatana na Mkeo

Akina baba wa Iringa, akina baba wa Mbeya, neno la leo ni lenu. Fungueni kitabu cha Waamuzi, sura ya 13. Mke wa Manoa hajashika hata mimba, malaika ameshamwagiza kuhusu kinywaji na chakula: kileo asionje, kilicho najisi asile. Nguvu za Samsoni zilitanguliwa na sahani ya mama yake! Na Manoa je? Hakusema hayo ni mambo ya wanawake. Aliomba mjumbe arudi awafundishe wote wawili, na mjumbe akarudi.

Sisi je? Malori yanashuka Kitonga usiku kucha, yamebeba mahindi na viazi vya kulisha Dar es Salaam. Mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima. Kisha utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ukawapima watoto wetu: Iringa, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, karibu 57 wamedumaa. Tanzania nzima ni 30. Wapendwa, aibu hii ituchome! Udumavu huanzia tumboni. Tazama mlo wa jioni: finyango ziko kwenye bakuli la baba, mama, mimba ya miezi saba, anachovya ugali kwenye mchuzi uliobaki. Mayai yameuzwa. Maziwa yameuzwa. Maharage yanangoja bei ipande.

Mama huyuhuyu ndiye anayenyemelewa na presha ya mimba. Huanza baada ya wiki ya 20, mara nyingi bila kubisha hodi. Ndiyo maana nesi anamfunga kile kitambaa mkononi, anakijaza upepo mpaka kinabana, anaandika kwenye kadi. Ikifika 140 kwa 90, msilichukulie jambo hilo kirahisi. Kichwa kikimgonga, macho yakiona maruweruwe, uso na vidole vikivimba, chembe ya moyo ikiuma, usingoje kupambazuke! Kinachoweza kufuata ni kifafa cha mimba. Na huo si uchawi, ndugu zangu. Kila saa inayopotea kwa mganga ni saa aliyonyimwa mama na mtoto. Hospitali kuna sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa wa 2002 ulionyesha kwamba kwa wenye presha hiyo inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu.

Sitawadanganya: chakula peke yake hakizuii presha hii. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayekosa kalsiamu kwenye mlo wake aongezewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa kuwa hupunguza hatari hiyo. Vidonge vyake muulizeni mhudumu wa kliniki. Ila kalsiamu imo pia kwenye maziwa mnayokamua Rungwe na kuyatoa yote sokoni, imo kwenye dagaa wa Ziwa Nyasa wanaotafunwa na mifupa yao. Mwachieni mama kikombe chake! Na ulanzi usimpe, hata wa kuonja.

Aliyewahi kupata kifafa cha mimba awahi kliniki mapema kabisa na aseme. Kuna dawa ya kinga ambayo daktari huianzisha kabla ya wiki ya 20.

Kesho Jumatatu, baba, acha shamba kwa asubuhi moja. Beba kadi ya mkeo, kaa naye kwenye benchi, na nesi akifungua kile kitambaa, uliza wewe: imesoma ngapi?